Yalikokwenda Mabua

Ngaramtoni
26 Mei 2024

Mwanangu Simel,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi mzima, ila sikio la kushoto limestaafu rasmi. Ile simu uliyoninunulia haisikiki mpaka niiweke kipaza sauti, na nikishaiweka, ukikohoa huko Korogwe majirani huku wanakupa pole. Kuna maneno ya majirani na kuna maneno yetu. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu, nashukuru walimu wa misheni walinichapa hadi nikajua kuandika.

Ng'ombe wa madoa amezaa mtamba. Kwaya ya kina mama imeshona sare mpya, rangi yake siipendi lakini nimevaa. Migomba yangu nikikusimulia utasema mama anatia chumvi. Juzi mkungu mmoja ulinishinda kuuinua, ikabidi uende sokoni kwa toroli. Princess wa Sakina, yule binamu yako mwenye duka la pembejeo, alipouona aliuliza nimeweka dawa gani. Nikamwambia ni mkono tu. Hata marehemu baba yako alikiri kuwa mkono wangu na migomba wanaelewana, na unajua yeye hakuwa mtu wa kukiri.

Sasa lililonikalisha chini ni shamba la juu. Mvua ilikuja vizuri. Mbolea ya kupandia tuliweka, ya kukuzia tukaweka, na mwaka huu ile ya kukuzia nikaiongeza. Mahindi yalipofika kiunoni majani ya chini yakaanza kuungua pembeni kana kwamba mtu amepita na kijinga cha moto. Kisha upepo mdogo tu ukayalaza. Mwaka jana ilikuwa hivyohivyo na mwaka juzi pia, ila nilikuficha. Udongo wa Meru, Simel! Babu yako alivuna humo bila kuujua mfuko wa mbolea unafananaje.

Watu wanasema mengi. Mimi sisemi.

Naisiae hajambo.

Ni mimi mama yako,
Nkasiogi


Korogwe
16 Juni 2024

Yeyo, shikamoo.

Mama yangu, barua yako ililala kwa wakala wa basi hadi nilipoifuata mwenyewe. Nashukuru Mungu nimewakuta wazima, yaani wewe na barua. Mimi naendelea na kazi ya ufundi hapa kwenye shamba la mkonge. Korona, ile mashine ya kuchana majani ya mkonge, iliharibika beringi tukalala nayo siku tatu. Joto la huku bado halijanizoea. Wenzangu wananicheka kwa kuwa mimi ni Mwarusha pekee anayeshinda kwenye maji kama bata.

Hongera kwa mtamba. Sare nayo ivae, rangi itapauka.

Ila Yeyo, nimeisoma barua yako mara mbili. Migomba umeiandikia nusu ukurasa. Mke wangu umempa maneno mawili. Wa tatu, binti yangu Simaloi, hukumtaja kabisa, na wewe huwezi kumaliza sentensi bila Simaloi. Nikimpigia Naisiae ananijibu "tupo", basi. Sasa hao watu wanaosema, wanasema nini?

Kuhusu mahindi, niambie yanaungua vipi hasa. Ni jani zima au pembeni tu? Ya juu au ya chini? Mimi si mtaalamu, lakini mifuko ya mbolea ninayotuma kila Machi naitoa jasho, nami nataka kujua imeenda wapi.

Mwanao,
Simel


Ngaramtoni
3 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Hapa ni baridi ya kung'ata, mlima haujaonekana wiki nzima. Mchungaji alikuja kunitembelea, nikampikia loshoro, akala akaongeza. Migomba inaendelea kunipa heshima mbele za watu.

Unauliza yanaungua vipi. Nimekuwekea jani humu ndani ya bahasha ujionee. Nilichuma la chini. Katikati ni kijani, kingo zote ni kahawia. Tumeanza kuvunja na mahindi yenyewe ni aibu. Hindi ni fupi, punje zimeishia njiani na ncha ni gunzi tupu. Mabua ni membamba, hata ng'ombe wanayanusa kwanza. Na sasa hakuna wa kuyabeba kwenda bandani. Ng'ombe wamekonda kidogo na mimi magoti yangu si ya kupanda kilima na kushuka na mzigo.

Kama unataka kujua kwa nini hakuna wa kubeba, Naisiae yuko kwao Oldonyosambu. Mama yake anaumwa, ameenda kumuuguza. Simaloi amekwenda naye. Nyumba imekuwa kimya hata kuku wanashangaa.

Usinipigie simu kuhusu hili.

Mama yako,
Nkasiogi


Korogwe
27 Julai 2024

Yeyo, shikamoo. Natumaini baridi imepungua na magoti yamepata nafuu.

Hukutaka nipige simu kwako, sikupiga. Nilipiga Oldonyosambu kumpa mama mkwe pole ya ugonjwa. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyepokea. Alikuwa anashusha madumu ya maji kutoka mgongoni kwa punda, akaniomba nisubiri amalize. Sauti yake ilikuwa nzima kuliko yangu. Sikumwuliza kitu, kwa heshima. Akampa Naisiae simu. Naisiae alisema neno moja: "Mwulize mama yako." Simaloi akaongea nami kuhusu mbuzi mpaka salio likaisha.

Basi nakuuliza, mama yangu. Kulikoni?

Wakati nasubiri jibu, nikueleze la jani. Hapa tuna bibi shamba anaitwa Violet, Mchaga wa Machame. Nilimwonyesha jani lako wakati wa chai. Aliligeuza, akaniuliza kama tunaweka potasi. Nikamwambia sisi tunalima Meru, udongo wa volkano. Akacheka. Akasema hayo ndiyo maneno anayoyasikia kila anakokwenda kule kwetu, na hata watu wa mbolea huyasema, kwa hiyo hakuna anayeangalia. Mmea ukikosa potasi, huinyang'anya kutoka majani ya chini na kuipeleka juu, ndiyo maana kingo za majani ya chini zinaungua. Bua linakosa nguvu na kuanguka, hindi halijazi ncha. Mbolea zetu mbili zina vitu vingine, potasi haimo. Na ukizidisha ya kukuzia ndiyo unazidisha njaa. Ni kama kumlisha mtu ugali mkavu kila siku: anameza mwanzoni, halafu koo linakataa hata ukimwongezea sahani.

Nilimwelewa upesi kwa sababu hapa nimeuona mkonge. Mashamba ya karibu na korona, yanakorudishiwa makapi, majani yake yamesimama. Yale ya mbali yanakatwa tu mwaka hadi mwaka, makapi hayarudi, na mkonge wake unaoza shingoni. Violet amesema jani moja halitoshi kuhukumu. Anaomba udongo kidogo upelekwe maabara. Pia akaniuliza swali nikashindwa kulijibu: baada ya kuvuna, mabua yenu yanakwenda wapi?

Mwanao,
Simel


Ngaramtoni
11 Agosti 2024

Simel,

Salamu zako nimezipata. Mimi mzima.

Kwanza, huyo Violet ni nani, na ameolewa?

Pili, umeuliza kulikoni. Haya, pokea. Baba yako aliliacha shamba la juu likiwa linatoa. Miaka ile tukishavuna, ng'ombe walifunguliwa wakaingia kula mabua hukohuko, wakalala hukohuko. Ulipooa, Naisiae akasema siku hizi nyumba zimejaa, ng'ombe wafungwe bandani waletewe. Nikakubali. Migomba nikabaki nayo mimi, shamba la juu akachukua yeye. Miaka miwili mitatu mahindi yakawa ya kutisha kwa ukubwa, nikamsifu kanisani. Kisha yakaanza kushuka. Udongo ni uleule, mbolea ni ileile, mvua ni ya Mungu yuleyule. Kilichobadilika ni mkono. Migomba yangu ipo nyuma ya banda, ukuta tu unatenganisha na njia ya kwenda juu, nayo inazaa hadi inavunjika. Sasa wewe uliyesoma niambie mtu afikirie nini.

Siku yale mahindi yalipolala nilisimama pale shambani nikamwambia, ardhi imekukataa. Walikuwepo majirani. Naisiae alimaliza kukusanya yaliyolala, akayafunga, akayashusha bandani, akawapa ng'ombe maji, akamchukua mtoto akaenda.

Baba yako mdogo amesema wazee wa pande zote mbili wakutane mwisho wa Septemba, baada ya mavuno, waamue kama atabaki kwao. Mimi nimesema wakutane.

Udongo nimetuma kwa basi. Makopo mawili ya siagi. Moja la shamba la juu, jingine la mgombani kwangu. Nimefanya makusudi, ili huyo bibi yako aone kwa macho yake kuwa ni mlima mmoja.

Mabua yanakwenda wapi? Bandani. Yaende wapi tena?

Nkasiogi


Korogwe
8 Septemba 2024

Yeyo, shikamoo.

Natanguliza pole kwa msiba wa mzee wa usharika, nimesikia. Violet ameolewa, ana watoto watatu na mume mkali, tulia.

Barua yako niliisoma nikaiweka. Nikaenda kulala na hasira, nikaamka nayo. Sikutaka kukuandikia nikiwa hivyo, ndiyo maana nimechelewa. Hasira haijaisha yote, lakini leo nimepata kitu kingine cha kuweka juu yake, nacho ni furaha. Naomba unisome taratibu mpaka mwisho.

Maabara imejibu. Kopo la shamba la juu potasi yake imebaki kidogo sana, Violet anasema hajaiona chini hivyo kwenye udongo wa kwetu. Kopo la mgombani potasi imejaa, ni mara nyingi zaidi ya la juu. Ulitaka aone ni mlima mmoja, na kweli ni mmoja. Kwa nini upande mmoja una njaa na mwingine umeshiba?

Punje ya hindi haichukui potasi nyingi, Yeyo. Sehemu kubwa inabaki kwenye bua na majani. Enzi za baba ng'ombe walikula bua shambani wakaacha samadi palepale, kilichotoka kikarudi. Naisiae alipofunga ng'ombe alifanya kazi safi kuliko mtu yeyote. Hakuacha bua hata moja. Kila msimu amekata, amefunga, ameshusha kilima. Ng'ombe wakala. Na samadi ikaenda wapi? Nakumbuka vizuri ulivyokuwa ukisema: migomba kwanza, iko karibu. Miaka minane samadi yote imemwagwa mgombani. Halafu mimi huku natuma mifuko ya mbolea, mahindi yanakuwa makubwa, yanavuta potasi zaidi, nayo inashuka kilima zaidi. Mimi nimo kwenye kosa hili, na wewe umo. Wa tatu ndiye aliyebeba tu.

Mkono wako wenye baraka ulikuwa mgongo wa Naisiae.

Nimeliandika hilo na sasa nahema. Ardhi haikumkataa mtu. Shamba halijafa, lina njaa, na chakula chake tunacho nyumbani. Violet anasema tuweke mfuko wa potasi wakati wa kupanda, Princess anaweza kuutafuta, tuache sehemu ya mabua shambani na samadi ipande juu. Halitapona msimu mmoja, lakini litapona. Nilicheka peke yangu karakanani hadi wakadhani nimepigwa na umeme. Umewahi kuomboleza mtu kisha ukamwona anakuja njiani? Ndivyo nilivyojisikia.

Lililobaki ni lako. Kikao kikikaa na kuamua Naisiae abaki kwao, nitamchukua yeye na Simaloi waje waishi nami huku, na shamba la juu sitarudi kulilima. Sikutishi, mama. Nakwambia mapema ili usilisikie kwa watu.

Mwanao anayekupenda,
Simel


Ngaramtoni
20 Oktoba 2024

Mwanangu Simel,

Marahaba, na pole kwa kungoja. Najua umengoja. Baba yako mdogo ameniambia umempigia mara nyingi na nilimkataza kukujibu. Hili nilitaka likufikie kwa mwandiko wangu.

Barua yako ilinikuta nasafisha migomba. Niliisoma nimesimama. Nikaingia ndani, nikaisoma nimekaa. Siku kadhaa nilikuwa nikiitwa napita tu, kwaya wakadhani na sikio la kulia limekwenda. Nilikuwa natoka asubuhi nasimama pale ukutani. Upande huu mgomba, upande ule njia ya kwenda juu. Ile njia imechimbika katikati kwa kupitwa, Simel. Nimeiona miaka yote na sikuwahi kujiuliza ni miguu ya nani.

Nilikasirika kwanza, usidhani mimi ni malaika. Mtu kunyang'anywa sifa ya migomba yake uzeeni si jambo dogo. Lakini nilipochoka kukasirika nilikuta nimepata nafuu kubwa, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kumbe nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa kufa nikuachie ardhi iliyolaaniwa, nikaona bora laana iwe na jina la mtu kuliko iwe ya kwetu sote. Na jina la karibu lilikuwa la Naisiae.

Nilimwambia baba yako mdogo asiitishe kikao. Akauliza nani basi ataenda Oldonyosambu kusema. Nikamwambia aliyesema shambani ndiye atakayesema huko. Akanikumbusha kuwa mama mkwe hafungi safari peke yake kwenda kumfuata mke wa mwanawe, kazi hiyo ina wazee wake. Nikamwambia sikio la kushoto halisikii.

Nilichagua kondoo jike, yule mnene mwenye kichwa cheusi, nikapanda naye pikapu ya jirani. Mkweo mzee Kisioki alinipokea mlangoni akatazama nyuma yangu, akauliza, "Wametuma nani?" Nikamwambia, "Nimejituma." Akacheka kidogo, akaita wazee wawili na Naisiae akatoka jikoni. Simaloi alinikimbilia akanishika kitenge, nikampakata kwanza.

Nilipoanza nilisema yote. Nilisema mbele ya wazee kwa sababu lile baya nililisema mbele ya watu. Nikawaeleza habari ya mabua na samadi kama ulivyoniandikia. Nikamwambia Naisiae kwamba ardhi haikumkataa, kwamba yeye ndiye aliyenilisha mimi, migomba yangu na ng'ombe wangu, na mimi nilimlipa kwa ulimi. Nikamwomba arudi nyumbani.

Mzee Kisioki akasema kuna faini ya kosa la namna hiyo. Nikasema najua, itajeni. Naisiae akasema, "Baba, mimi sitaki faini. Nataka samadi."

Wazee wakatazamana. "Samadi gani?"

"Ya banda lote, mwaka mzima. Ipande juu. Migomba isipate hata ndoo moja. Na mabua nusu yabaki shambani."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Mimi sikucheka, maana nilikuwa naiona migomba yangu. Yule mtoto wako wa kike alikuwa ananitazama, na mama yake ananitazama, na sikuona pa kujificha. Nikasema sawa. Akauliza, "Na nani atabeba?" Nikasema tutabeba.

"Tutabeba akina nani?"

"Mimi na wewe."

Hapo ndipo alipompokea kondoo. Alimshika sikio akamvutia upande wake, basi yakaisha. Tulirudi siku ileile, Simaloi akilala mapajani kwangu njia nzima na mate yake yakinilowesha sare mpya ya kwaya. Sare sasa naipenda.

Princess ameahidi mfuko wa potasi kabla ya mvua za Machi. Amekiri kuwa hajawahi kuuza hata mmoja kwa watu wa huku. Mwambie huyo Violet nitamtumia mkungu, na aule vizuri kwa sababu mwakani sina uhakika.

Jana tulianza. Mapema, kabla jua halijakolea, Naisiae alikuwa ameshajaza ndoo zake mbili. Mimi nilichukua ile ndogo ya kukamulia ya zamani. Nilipita ukutani bila kuitazama migomba. Njia ile ni ndefu kuliko nilivyodhani, nilipumzika mara mbili, na kila nilipopumzika nilijiuliza mtu ameipanda vipi miaka minane bila kunung'unika. Alikuwa mbele yangu, ndoo moja kila mkono. Tangu turudi ananihudumia vizuri, chai, maji ya kuoga, kila kitu, lakini alikuwa bado ananiita Mama Simel kama wanavyoniita majirani. Sikumlaumu. Kondoo nilimpa mbele za watu, na unajua kwetu mkishapeana kondoo majina mengine yanawekwa pembeni, mnaitana paker. Lakini jina la namna hiyo anaanza aliyepewa, na kama moyo wake bado haujapokea huwezi kumlazimisha.

Tulifika juu. Nikamwaga samadi yangu kwenye mstari wa kwanza, nikanyoosha mgongo, nikajiona shujaa. Yeye akamwaga zake, akaja akaitazama ile niliyomwaga, akanitazama mimi. Kisha akatabasamu, mwanangu, akasema kwa sauti ya kunifikia sikio zuri:

"Paker, ndoo yako haikujaa."

Nikashuka kwenda kuijaza.

Wako mwenye magoti mabovu na moyo mwepesi,
Mama